Walii Hatolewi na Majaji

Wiki iliyopita, kwenye dirisha la mahakama Chake Chake, mbele yangu alisimama mama mmoja mjane. Alikuwa amemshinda kaka yake kesi ya shamba la mikarafuu, mpaka mahakama ya juu kabisa nchini.

“Hongera, Bi,” karani alimwambia. “Hukumu hii hakuna tena wa kuipinga.”

“Alhamdulillahi. Sasa, mwanangu, nnaolewa Ijumaa, na walii wangu ndiye huyo huyo kaka. Hataki kuniozesha. Majaji hawawezi kumwamuru?”

Karani alijikuna kidevu. “Hilo si lao, Bi. Nenda kwa Kadhi, atakuozesha yeye.”

“Kadhi najua ataniozesha. Mie nnamtaka kaka yangu.”

Aliikunja hukumu, akaitia ndani ya buibui, akauliza gari za Kengeja zinaondoka saa ngapi. Kaka yake anakaa huko.

Mahakama inayoweza kumtoa mtu kitanzini haikuweza kumpatia yule mama kaka wa kumuozesha.

Zamu yangu ilifika, karani akaniuliza shida yangu. Nilikuwa nimekwenda kumshitaki ndugu yangu kwa mpaka wa shamba la muhogo. Nikamwambia nimepita kumsalimu tu. Mwenyezi Mungu anisamehe uongo ule.