Fundo Tulilomfungia Mwanakwaya

Nilimkuta yule kijana ameinama, panga mkononi, anafyeka mafunjo. Nyuma yake alisimama mwanaume mwenye kamera ya mdomo mrefu kama chupa ya chai, naye anamwelekeza: "Bado kidogo. Toa na hiyo ya kushoto, inaniletea kivuli." Hapo ndipo nilipochoka. Sikusalimia mtu. Niliingia kwenye matope na viatu vyangu, nikamshika mkono, nikamnyang'anya panga.

"Mathe, pole pole! Huyu ni mgeni."

"Mgeni wa nani? Wa mama yako?"

Kiota kilikuwa uchi. Mafunjo yaliyokuwa yamekizunguka yalikuwa yamelala majini, na makinda wawili walikuwa wamepanua midomo juani, wanahema. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye njia ya juu, simu ameishika kwa mikono miwili. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, mbona wamemvua ndege wetu nguo?"

Sasa nieleze kwa nini mwanamke mzima anapigania kiota, maana hapa Kisumu nimeshaitwa kichaa cha ndege.

Tunaishi mtaa wa Obunga, lakini mama mkwe wangu anakaa chini huko karibu na ziwa, anafuma mikeka ya mafunjo. Masika yalipoanza, mtoto alikataa kabisa kukaa ndani. Chumba chetu ni kimoja, bati linapigwa na mvua mpaka huwezi kusikia hasira zako mwenyewe, na mimi hasira ninazo, sifichi. Basi kila Jumamosi mvua ikikatika tulikuwa tunateremka kwa nyanya yake. Baba yake alikuwa na simu ya zamani isiyoshika laini tena. Kamera yake ilikuwa nzima. Nikampa mtoto, nikasema, piga chochote ukitakacho, mradi usiniambie umechoka.

Hakuchoka. Alipiga konokono kwenye nguzo ya uzio. Alipiga yangeyange wakimfuata ng'ombe wa jirani kama watoto wanaofuata gari la harusi. Alipiga mnana akichana jani la mgomba wa nyanya yake, uzi mmoja mmoja, akiruka nao kwenda kujenga. Nusu ya picha zilikuwa za ukungu, na nyingine zilikuwa matako ya ndege anayeondoka. Lakini nilijikuta nami nimechutama kwenye nyasi zilizolowa, napumua kwa pua, nangoja kiumbe kidogo kigeuze kichwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa kimya hivyo bila kulala.

Mama mkwe alitucheka mwanzoni. Ananiita Nyar Awasi, binti wa Awasi, kwa sababu huko ndiko nilikozaliwa, na kwa Wajaluo mke huitwa kwa kwao.

"Nyar Awasi, unapiga picha ya konokono? Watu wenye akili hupiga picha ya harusi."

"Mama, konokono haombi soda."

Alicheka mpaka mkeka ukamtoka mkononi. Wiki iliyofuata akaitaka simu. Mpaka leo picha zake zote zina kidole gumba pembeni. Mtoto akimwambia, "Dani," yaani nyanya, "toa kidole," yeye humjibu, "Hicho kidole ni sahihi yangu, watu wajue nani amepiga." Nampenda mwanamke huyu. Si kila mtu anaweza kusema hivyo kuhusu mama mkwe.

Ni yeye aliyetuonyesha Mwanakwaya. Ni ndege wa ndani ya mafunjo, kifua chekundu kabisa, mgongo mweusi, kichwani ana kofia ya manjano. Binti yangu alipomwona tu alisema amevaa kama kwaya ya kanisani kwetu. Na huimba kwa kupokezana: mmoja anaita, mwenzake anajibu papo hapo, mpaka unadhani ni ndege mmoja. Tuliwatafuta Jumamosi kadhaa tukisikia sauti tu. Siku moja mama mkwe, akiwa anakata mafunjo ya mikeka, akasimama ghafla na kutuita kwa mkono bila kusema neno. Kiota kilikuwa hapo, kikombe kidogo cha nyuzi juu ya mafunjo. Ndani, mayai mawili.

Mtoto alipiga picha moja, akarudi nyuma mwenyewe. "Tusimwamshe," alisema. Mayai hayaamshwi, lakini sikumsahihisha.

Hapo mama mkwe akafanya jambo la watu wa mafunjo. Huku kila familia ina sehemu yake ya kukata, na mtu akitaka kitu kiachwe, hushika vichwa vya mafunjo machache vilivyosimama, akavifunga pamoja kwa fundo moja. Maana yake: hapa pana mwenyewe, usikate. Hakuna anayeuliza mwenyewe ni nani wala anataka nini. Mama mkwe alifunga mafundo pande zote za kiota. Wakataji wote waliyaheshimu. Walikuwa wanapita na mizigo yao kichwani, wanaona fundo, wanazunguka mbali, na mmoja alimtania, "Mama, umemjengea mgeni nyumba?" Akajibu, "Ndiyo, na hajalipa kodi."

Makinda walipoanguliwa, mtoto wangu alikuwa ananiamsha kila Jumamosi kabla ya jogoo.

Sasa rudi kwenye panga. Yule kijana ni mtoto wa ufuo huuhuu, anaongoza wageni wa kutazama ndege. Nilimuuliza, "Hukuona mafundo?"

"Niliona."

"Hujui maana yake?"

"Najua, mathe. Ndiyo maana nikaja hapa. Hakuna mtu hufunga mafunjo bure. Nikajua lazima kuna kitu."

Lile fundo lililomzuia kila mwenye panga ndilo lililompigia yeye kengele.

Mwenye kamera akakohoa. "Dada, mimi sikujua. Nilitaka tu mwanga."

"Mwanga? Kaka, hao watoto hawana manyoya! Wewe ukivuliwa shati saa sita utapigwa picha ukitabasamu?"

Alishusha kamera. Angalau aliona haya. Kijana wake hakuona. "Ni ndege tu," alisema. "Watazaa wengine."

Mama mkwe alifika wakati huo, sketi ameikunja magotini. Alichukua panga kutoka kwangu, akamrudishia kijana bila kumtazama. "Chukua. Enda nalo mbali." Kisha akanigeukia: "Nyar Awasi, kelele baadaye. Shika hapa." Tukainua mafunjo yaliyokatwa, tukayachomeka kwenye matope, tukayafunga kwa yale yaliyosimama mpaka kivuli kikarudi. Tukaondoka haraka, tukakaa njiani, sote watatu tumeshikana mikono. Tulingoja sana. Mwishowe mmoja aliita, mwenzake akajibu, na kofia ya manjano ikaingia ndani.

Tulilala kwa mama mkwe, lakini asubuhi iliyofuata kinda mmoja alikuwa amekufa. Mtoto wangu alitaka kujua wa pili atakufa lini. Hakuuliza kama atakufa. Aliuliza lini.

Nilienda kwa kamati inayosimamia ufuo. Katibu alikuwa anakunywa uji. Alinisikiliza, akaniambia maneno ya mdomo ni umbea, niandike. Nilimaliza kidato cha nne, kuandika naweza. Nilikaa kwenye benchi lake hapohapo, nikaandika hivi:

"Kwa Kamati. Mimi ni mama wa mtoto mmoja na ni mke wa watu wa hapa. Nalalamika juu ya mwongoza wageni aliyekata mafunjo yaliyofungwa fundo, akijua maana yake, ili mgeni apate picha nzuri. Kinda mmoja amekufa. Mmoja alikuwa hai leo asubuhi, nimemwona kwa macho yangu. Sitaki fidia, maana hamna cha kunilipa. Nataka mambo mawili. Kwanza, fundo liwe fundo kwa mwenye kamera kama lilivyo kwa mwenye panga. Pili, mtu yeyote asikanyage pale mpaka huyo aliyebaki aruke, na mimi nikiwemo. Picha nitapigia njiani, hata zikitoka za ukungu. Nataka jibu wiki hii, kwa sababu ndege hangoji kikao. Mkikawia nitamleta binti yangu hapa ofisini, na swali analoniuliza mimi tangu asubuhi mtamjibu nyinyi."