Ijumaa za Baba

Jirani yetu hapa Kongowe akianza kuchoma korosho na maganda yake, moshi mzito huingia hadi chumbani na kuwasha koo. Watu wote hukimbilia kufunga madirisha. Mimi huyaacha wazi, kwa sababu hiyo ndiyo harufu waliyokuwa nayo wageni wetu wa kila wiki, yaani madaftari ya Kibuta. Yalinuka moshi wa korosho, jasho la vidole vya watoto na unga wa sembe kidogo, maana baba aliyabeba kwenye kiroba cha unga.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kibuta, Kisarawe. Sisi tuliishi Kongowe kwa kuwa mama alikuwa mhudumu wa zahanati, na uhamisho wa kuwakutanisha waliuomba mpaka wakachoka kuuomba. Basi siku tano baba alikuwa wa Kibuta. Ijumaa jioni alifika kwetu, shati limemganda mgongoni, kiroba begani, na Jumapili baada ya chakula cha mchana akaondoka. Katika siku hizo mbili, Jumamosi nzima aliinamia madaftari na kalamu yake nyekundu, nasi tukiambiwa tusipige kelele.

Niwaambieni ukweli, niliwaonea wivu watoto wa Kibuta. Nilikuwa na miaka tisa, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: wanaye wiki nzima, kisha na hizi siku mbili wanazifuata huku huku ndani ya kiroba!

Jumamosi moja baba alijinyoosha mkekani. "Nipumzishe macho kidogo tu, Neema," alisema, na kidogo hicho kikavuka adhuhuri. Alikuwa amesahihisha madaftari kama kumi hivi. Rundo lililobaki lilikuwa refu. Nikaichukua kalamu. Msinicheke, niliona namsaidia. Nilipiga alama za vema kwenye kila hesabu, daftari hadi daftari, bila kusoma chochote, na chini nikaandika "Vizuri sana" kwa mwandiko wake, ambao nilikuwa nimeuiga siku nyingi. Sikumpa mtu kosa hata moja. Mkono ulipouma niliubadilisha.

Alipoamka nikamwambia, "Baba, umeshamaliza yote."

Aliliangalia rundo, akaiangalia kalamu, akajipangusa uso. "Yote? Basi nimeanza kuzeeka," alisema. Alichoka mno hata asihoji. Akayarudisha madaftari kirobani, na alasiri ile akatufundisha mimi na mdogo wangu kucheza bao kwenye vishimo tulivyochimba uani. Mama alileta ukili wake akakaa karibu yetu kusuka, akimcheka baba kila aliposhindwa na watoto. Sijawahi kuwa na alasiri nzuri kama ile.

Ijumaa iliyofuata baba aliingia na kuku kwapani. Alimkabidhi mama, kisha akaniita nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji.

"Neema, saba mara nane ni ngapi?"

"Hamsini na sita."

"Mwanaidi kaandika hamsini na nne. Nani kampa vema?"

Nililia kabla sijajibu. Hakunipiga. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanisimulia kwa sauti ya mtu asiye na nguvu za kugomba. Jumatatu alimpa kiranja madaftari ayagawe, bila kuyafungua. Mwanaidi alikuwa mtoto aliyelelewa na bibi yake, na tangu darasa la kwanza hajawahi kupata hesabu zote. Jumatano bibi huyo alifika ofisini amevaa kanga mpya, mkononi ana kuku wa kumshukuru mwalimu, na mjukuu nyuma yake ameshika daftari kwa mikono miwili. Baba alilifungua. Hesabu kumi, karibu zote za uongo, zote zina vema.

"Nikataka kumrudishia kuku wake," baba alisema. "Akaniuliza, 'Mwalimu wangu, wanirudishia kuku, nimekukosea nini?' Daftari akasema anakwenda kulifungia sandukuni, na nguo zake za Idi."

Watoto wengine aliwaomba madaftari yao, akawaambia alisahihisha huku anasinzia, wakacheka, yakaisha. La Mwanaidi hakuliomba. "Nikilitoa sandukuni nitawavunja moyo wote wawili," alisema. "Itabidi ajue hizo hesabu kweli."

Siku nyingine zote za wiki, alasiri Mwanaidi alikuwa chuoni akisoma Kurani. Chuo kilifungwa Ijumaa. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo baba angeweza kumfundisha, na kwa muhula mzima, akikosa gari la jioni, akawa anafika kwetu Jumamosi mchana, kiroba kikiwa kile kile.

Yule kuku tulimla kesho yake ya mazungumzo yale. Firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya baba, ilirudi jikoni nzima.

Mama alivumilia wiki mbili. Ya tatu akasema, mbele yetu, tukiwa tunakula, "Watoto wa watu unawaona. Wa kwako je?" Baba alijibu kwamba kuna mtoto yuko nyuma sana, akaendelea kumega ugali. Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. Mama alimnunia muhula ule wote. Akishamwandalia chakula, aliondoka. Nami sikumwambia mama chanzo. Kimoyomoyo nilimchukia Mwanaidi, mtoto ambaye sikuwahi kumwona, kwa kuniibia baba. Baba alipoleta habari kwamba amepata kumi kwa kumi, za haki, niligeuza uso.

Sasa baba amevuka miaka themanini na anaishi nami. Narudi kutoka kazini Dar miguu imevimba, nampasha maji moto, namwosha yake kwanza. Kuna siku namwosha huku nasinzia. Jioni moja mwezi uliopita, kwa uchovu huo huo, lilinitoka swali nililolibeba miaka yote: kwa nini alizitoa Ijumaa zetu, na sisi tulikuwa tunamwona kidogo vile?

Aliusogeza mguu wa pili majini.

"Siku tano zilikuwa za serikali, mwanangu," alisema. "Zangu zilikuwa mbili tu. Kosa lako ningelifidia kwa ipi?"

Niliendelea kumwosha miguu, maji yakapoa. Kumbe hakuwa amempa Mwanaidi kitu chetu; alikuwa ananisitiri mimi, na kununiwa akakubali anuniwe yeye, nami nimekaa pale pale namega ugali. Mama ameshafariki. Natamani ningemwambia kwamba aliyepiga zile alama ni mimi.