Siku Mama Alipoapa kwa Mwenyekiti

Harufu ya wino wa muhuri mpaka leo inanitia hofu. Juzi tu nilikwenda kufuata barua ya utambulisho serikali ya mtaa, mtu mzima na watoto wangu wawili, karani akafungua kile kibati cha wino, viganja vikaanza kunitoka jasho. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Nilikuwa darasa la tano. Mimi na mama tulipanga chumba kimoja Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa pande zote. Wapangaji sita, choo kimoja, mita moja ya luku, ile ya kulipia umeme kabla. Mama mwenye nyumba alikuwa na sheria yake: taa, redio na kuchaji simu, basi. Pasi ya umeme na hita, marufuku. Ukikamatwa, unafungasha virago siku hiyohiyo.

Sisi tulikuwa na pasi ya mkaa. Siku moja iliruka cheche ikatoboa sketi yangu ya shule mahali pabaya kabisa, darasa zima likanicheka, na mwalimu naye. Mwenzenu nilitamani ardhi inimeze. Rafiki yangu Asha, wa ghorofa la jirani, akawa ananiazima pasi ya kwao. Kila alasiri, mama akiwa bado anauza viungo sokoni, nilijifungia chumbani, nikanyoosha sare, kisha nikairudisha pasi kwao nimeificha kwenye mkoba wa madaftari. Wiki tatu nzima. Jamani, nilikuwa napendeza!

Umeme wa luku ukawa unaisha kabla ya wakati wake. Mama mwenye nyumba akaivizia mita, akagundua inakimbia alasiri, saa ambazo chumba chetu tu ndicho chenye mtu. Hakugombana na mtu. Alikwenda kushitaki serikali ya mtaa, tukaitwa.

Sikuwahi kuingia ofisi ile. Kwa sababu ya bendera iliyokuwa nje, nilidhani nyuma yake kuna mahabusu. Kumbe kilikuwa chumba kidogo tu chenye benchi, feni bovu na picha ya Rais ukutani. Mwenyekiti, mzee wa baraghashia, alikuwa anagonga muhuri barua za waliotutangulia, na kila ukigongwa nashtuka. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Mama alikuwa kanishika kifundo cha mkono, kakibana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Mwenyekiti, huyu ana hita," mama mwenye nyumba alianza. "Kama si hita, pasi. Mimi nataka chumba changu."

"Miaka saba nimekaa kwako, umewahi kuniona na hita?" mama akamjibu.

"Nitaionaje, na mlango umefungwa?"

Mwenyekiti akauweka muhuri chini. Akamtazama mama, kisha macho yakahamia kwangu.

"Binti, mchana nyumbani unakuwepo wewe. Hebu niambie..."

Nilijua nikifungua mdomo yatatoka yote: Asha, pasi, mkoba. Na nilijua hatuna pa kwenda, maana ndugu zetu wote wako Lindi.

"Usimuulize mtoto," mama akasema, akasimama. "Niulize mimi. Wallahi, chumbani kwangu hakujawahi kuchomekwa pasi wala hita."

Mama hakuwa mtu wa kuapa ovyo, na wote mle ndani walilijua hilo. Mama mwenye nyumba mwenyewe aliinamisha uso.

"Ameshaapa," mwenyekiti alisema. "Tafuta fundi akutazamie mita." Chumba chetu kikabaki chetu.

Njiani mama alitangulia mbele, mimi nikimfuata nyuma. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hajui kitu, na jioni ile nikamwambia Asha sitaki tena pasi yao. Kesho yake mama hakunywa chai. Alifunga siku tatu mfululizo, akashinda na jua la sokoni midomo imemkauka, na Ramadhani ilikuwa bado mbali. Nilipomuuliza, alisema, "Nafunga tu, mwanangu."

Nilikuwa nimeshaolewa siku niliyomsikia ustadhi redioni akieleza kafara ya kiapo cha uongo: ulishe masikini kumi, na usipoweza, ufunge siku tatu. Nilikuwa nakata mchicha. Kisu kikanidondoka.

Nikampigia mama, ambaye siku hizi amerudi Lindi. Hata salamu sikuimaliza.

"Mama, ile pasi ya Kariakoo, ulijua kwamba ni mimi?"

Akacheka kidogo. "Sketi imenyooka vile, na mkaa wangu haupungui! Ningekosaje kujua?"

"Sasa mbona uliapa?"

"Si mwenyekiti alikuwa anakuuliza wewe? Ungesema kweli, tungelala wapi? Ungesema uongo, ungeuzoea. Nikaona niubebe mimi."

Nililia, yeye akaniuliza kama watoto wameshakula. Miaka yote ile nilidhani nimenusurika kwa sababu mama hakujua. Kumbe alijua, na sijaona mtu anayemwogopa Mungu kama mama yangu.