Mdomo wa Dionisia

Wifi yangu Dionisia alijua kunyamaza kama mimi ninavyojua kuendesha treni. Pale Chiola ukitaka habari isambae, hukuhitaji tarishi. Ulimwambia Dionisia kwamba ni siri, ukaenda zako shambani, na jioni watu wa Naipingo walikuwa wameshakuja kukupa pole. Kwa hiyo mwaka 1953, aliposimama mlangoni mwa kanisa la kigango akatangaza nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka misheni, kwenye sanamu ya Mama Maria, bila kutamka neno hata moja njiani, mume wake alizunguka nyuma ya kanisa kwenda kucheka.

Mimi sikucheka, maana nilijua anamwombea nani. Binti yake Letisia alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla ya kutimiza siku arobaini, na sasa alikuwa na mimba ya tatu, miezi saba. Dionisia aliamini kwamba akifika kwa Mama Maria kimya, mtoto huyu atakaa. Akisema, basi tena. Hakuna padri aliyemwagiza hivyo. Alijipangia mwenyewe, akachagua kitu kinachomshinda kuliko vyote.

Tuliondoka asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu ya Kupalizwa, watu kumi na wawili. Mbele alikuwa katekista Agapiti na filimbi yake, viatu vyake vyeusi vikining'inia shingoni kwa kamba. Viatu hivyo vilikuwa vya kuvaliwa misheni tu, njiani vilitembezwa. Agapiti alipiga filimbi tusimame, akapiga filimbi tuondoke, na mwiba ulipomchoma alipiga filimbi tumsubiri autoe.

Nyuma alikuwa Saturnini, Mngoni. Huyu aliletwa Nachingwea na mashamba ya karanga ya Wazungu. Karanga zilipogoma, Wazungu wakarudi kwao na Saturnini akabaki kwetu, ndiyo faida tuliyopata. Mababu zake waliwahi kuja kuwaswaga mababu zetu Wamwera, kwa hiyo sisi na yeye ni watani. Mtani anakula chakula chako bila kuuliza, anakutukana, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Mtani, leo mdomo umemwachia nani nyumbani?" alimwuliza Dionisia hata hatujafika mbali.

Kimya.

"Au meno yameanguka, unaona aibu?"

Kimya. Akamtungia wimbo, akaliingiza jina lake kila mstari. Akachomoa kiazi kitamu kikapuni mwake, akakila huku anatueleza utamu wake. Mishipa ya shingo ya Dionisia ilimsimama, lakini alishika rozari yake akaendelea kutembea. Sisi tulikuwa tunacheka. Na mimi nilicheka, sijisifu kwa hilo.

Alasiri, kabla ya Nanganga, tulifika kwenye kijito, Agapiti akapiga filimbi tupumzike. Mimi nilishuka chini kidogo kuosha miguu. Kando ya maji mtu alikuwa ameloweka kikapu cha vipande vyeupe. Mwaka ule mahindi yalikauka, watu walikuwa wanachimba ndiga porini. Ndiga ni kiazi chenye sumu. Ukikikata vipande ukakiloweka kwenye maji yanayopita siku tatu, unapata chakula. Ukikila kabla, unapata jeneza. Kila mtoto wa Kimwera analijua hilo, na zile bado zilikuwa zinatoa povu.

Saturnini aliona muhogo.

"Wamwera mna ukarimu," alisema, akachukua kipande.

Mimi nilikuwa nimeshapanda kwa wenzangu, haya nilisimuliwa baadaye. Dionisia ndiye aliyekuwa karibu naye. Alipiga makofi, akatikisa kichwa, akamrushia ndala. Nimeshasema kwamba huyu ni mtani. Kadiri unavyomzuia chakula, ndivyo haki yake ya kukila inavyozidi. Saturnini alicheka, akaipokea ndala, akakitia kile kipande mdomoni.

"Acha! Ndiga hiyo, itakuua!"

Sisi wengine tuligeuka wote. Saturnini alitema, akasukutua, ulimi umeshaanza kumwasha. Dionisia alikaa mchangani, mkono mdomoni, kama anataka kuyarudisha maneno ndani.

"Nimemmaliza mwanangu," alisema.

Agapiti alikuja akapiga filimbi kwanza, kwa mazoea. Kisha akaeleza kwamba neno la kuokoa roho ya mtu si kosa. Maneno mazuri sana. Lakini Dionisia hakuwa amewekeana nadhiri na Agapiti.

Saturnini alisimama anamwangalia. Sikuwahi kumwona bila cheko.

"Kwenu akifa mtu, kaburi nachimba mimi mtani," alisema. "Sasa hajafa mtu. Na kazi hii niachie mimi. Naanza upya kule mlangoni mwa kanisa."

Akaichukua rozari mkononi mwa Dionisia bila kuomba, akageuka kurudi Chiola. Agapiti alipiga filimbi mpaka mate yakaijaa, Mngoni hakugeuka.

Tulifika misheni kesho yake. Wenzetu walisema Saturnini amekwenda zake kwenye pombe, na mimi nilisema hivyo hivyo. Dionisia alikaa barazani, hasemi na mtu, ingawa ukimya wake haukuwa na kazi tena.

Jioni ya sikukuu, watu wanakunja mikeka, Saturnini akaingia. Miguu ilikuwa imepasuka. Baadaye tulisikia kwamba Nanganga walimsalimia asijibu, wakadhani ni mwizi, wakamfukuza kwa mchi. Alitupita bila kutuangalia, akapiga magoti mbele ya sanamu, akaiweka rozari chini. Tulimfuata ndani wote, tukisubiri mzaha.

"Letisia," alisema. Akaanza kulia.

Mtoto alizaliwa Oktoba, wa kike. Zile siku tulizihesabu bila kuambiana. Siku ya arobaini Dionisia alimbeba mjukuu wake mpaka kwa Saturnini, akamweka mapajani mwake.

"Mshike, mwizi wa ndiga," alimwambia.

Saturnini alifungua mdomo amjibu, maana tusi la mtani halilali bila jibu. Alimwangalia yule mtoto, akaufunga tena.