Chura wa Juu ya Maji

Shule niliishia darasa la pili, lakini mikorosho yangu ya Lionja imenijengea nyumba ya bati, kwa hiyo sipendi kufundishwa. Juzi mume wa binti yangu alinipa chura wa plastiki mwenye ndoana.

"Baba, samaki watamgombania huyu! Anachezea juu ya maji. Tafuta fimbo fupi, umchezeshe vizuri."

Fupi? Nikamwona mtoto. Kitu cha juu kinataka kirefu! Nikakata mwanzi mrefu kuliko ule wa kuangulia maembe, nikamwambia mke wangu asonge ugali tu. Wakwe wanaokuja kutoka Malolo watakula kitoweo cha mkono wangu.

Asubuhi nzima nilisimama bwawani, chura ananing'inia hewani, moyo unaruka kwa furaha. Nikangoja samaki amrukie. Aliyekohoa karibu nilimfokea.

Adhuhuri wakwe wakanifuata na njaa yao. Kijana akamtazama chura, akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Nilimaanisha aelee."

Mama yake ni mtani wangu, hakuniogopa. Akapiga kigelegele.

"Mtani! Samaki wa Lionja siku hizi wanaota mbawa?"