Sekunde Arobaini na Tatu za Kijinga

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kuchosha. Nina miaka arobaini na saba, nalima tumbaku hapa Urambo, na kila aliyekaa karibu nami kanisani alijua nataka kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya kuogelea ya watu wazima. Ili upokelewe kwa umri wangu, sharti uogelee mita hamsini kwa sekunde zisizozidi arobaini na tano. Waliosema ni ngumu niliwaita magunia ya pumba.

Nilifanya mazoezi kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Shemeji yangu Masanja alipima umbali kwa kamba ya katani tunayopimia matuta, ncha moja akaifunga kwenye kigingi, nyingine kwenye dumu tupu linaloelea. Mwanzoni nilitumia sekunde hamsini. Mwezi wa tatu, arobaini na tatu! Nikavimba kichwa.

Wakati huohuo nilianza kukojoa damu. Tumbo la chini lilichoma kama pilipili.

"Baba Neema, mkojo gani huo wa rangi ya mchuzi wa maharage?" mke wangu aliuliza.

"Mazoezi hayo. Wanawake hamjui michezo."

Nilikonda, miguu ikatetemeka, na bado kasi ikaongezeka. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilijipongeza, hadi nilipoanguka shambani na mke wangu akanipeleka zahanati.

"Mzee, ni kichocho," alisema daktari, binti mdogo kuliko Neema wangu. "Umekipata kwenye maji yenye konokono. Ulisubiri nini?"

Nilisubiri medali, nikaona haya kulisema. Nilimeza vidonge, nikatapika, nikalala majuma mawili nikilishwa uji.

Nilipopona nilikwenda kuitoa ile kamba. Nikaipima. Mita arobaini na moja! Katani ikilowa hufupika. Kila mkulima wa tumbaku anajua, ndiyo maana hatupimi matuta siku ya mvua. Mimi na Masanja, wakulima wa miaka ishirini, tuliilaza majini miezi mitatu.

Juzi niliogelea kwenye bwawa la vigae mjini Tabora, mita hamsini za kweli. Sekunde hamsini na mbili. Sikufuzu.

Namshukuru Mungu, na mke wangu niliyemdharau. Nanyi wenye saa za kujipimia mbio, msijidanganye. Asubuhi, kabla hujatazama saa, tazama mkojo wako.