Mtani Aliyezika Kimya

Mikidadi wa Kinole alikuwa na mdomo. Upande ule wote wa milima ya Uluguru walilijua hilo, na Wanyamwezi walilijua kuliko wote, kwa sababu Mluguru na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakuita mwizi mbele ya mkweo, nawe ucheke. Atakula chakula chako bila kukaribishwa. Na siku ukifa, yeye ndiye atakayeingia kaburini akikutukana, akilalamika kwamba umechelewa kufa na blanketi lako limeshachakaa, mpaka waliokuwa wakilia wacheke huku machozi yakiwatoka. Msiba usiokuwa na mtani, wazee wa zamani hawakuuhesabu.

Mwaka ule reli ilipokwisha kufika Morogoro, alikuja Mdachi mmoja mzee kutafuta wapagazi. Hakuwa mtu wa serikali wala wa misheni. Kazi yake ilikuwa kuokota makombe ya baharini na kauri, na alitaka kwenda Dar es Salaam kwa gari moshi, kisha atembee polepole kando ya bahari, mji baada ya mji, mpaka Tanga. Mikidadi akaandikishwa, na watu kumi na wanne pamoja naye. Mmoja wao alikuwa Mihambo, Mnyamwezi aliyebaki Morogoro baada ya kazi ya reli. Wakapangiwa hema moja, na tangu hapo watu hawakulala kwa kucheka.

Safari ile ilikuwa starehe, tusidanganyane. Kunduchi walikaa siku nne, Mbweni mbili, Bagamoyo wiki nzima, Winde siku tatu. Maji yakipwa, mzee anakunja suruali anakwenda kuinama matopeni, na wapagazi wanakaa, wanakula samaki na mhogo, wanaangalia watu wa pwani wanavyoishi. Mikidadi hakuwa ameiona bahari maishani mwake. Mihambo alikuwa akiwatangazia wenyeji kwamba Waluguru wana mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa kulima kwenye mteremko, ndiyo maana huyu wake anaogopa nchi tambarare. Mikidadi naye aliwajibu kwamba Mnyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani, mama yake anautua kwanza ndipo anamnyonyesha. Kwa Mikidadi hizo zilikuwa siku njema kuliko zote alizowahi kuishi, na hakuona haya kusema hivyo. Ila kila mji waliouacha, masanduku ya makombe yalizidi uzito.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Mpagazi akiugua, humwacha mjini kwa mwenyeji na mchele wa kutosha mpaka apone, arudi kwao. Wawili walioshikwa na homa Bagamoyo aliwaacha hivyo, na wote wawili walifika Morogoro wazima kabla ya wenzao.

Saadani, asubuhi ya kuondoka, Mihambo aliamka kashika mbavu. Pumzi ilikuwa fupi na makohozi yake yalikuwa na rangi ya kutu. Hata hivyo alianza yeye. Alimwambia Mikidadi kwamba leo amekufa, kwa hiyo mzigo wake aubebe Mluguru, uhesabiwe kuwa mahari ambayo Mluguru huyo hajamaliza kuilipa kwa dada yake Mihambo. Wenzao wakaangua kicheko. Kicheko kilimleta mzee.

Mzee alikijua Kiswahili. Alikisoma vitabuni kwao na alikisema sawasawa kutushinda sisi wenyewe, na hapo ndipo balaa lilipokuwa. Alijua kila neno, lakini hakuna kitabu kilichomweleza utani. Akampapasa Mihambo kipaji cha uso, akaona si cha moto sana kwa baridi ya alfajiri, akamgeukia Mikidadi.

"Wewe unalala naye," alisema. "Ni mgonjwa kweli?"

Mikidadi alikuwa amemsikia mwenzake akigumia usiku kucha. Alijua. Lakini wenzake wote walikuwa wakimtazama, wakingoja, na Mihambo mwenyewe alikuwa amemtega kwa neno tamu ambalo halijajibiwa. Mtani hakubali kushindwa.

"Bwana, Mnyamwezi haumwi," alisema. "Huyu alizaliwa mvivu. Ugonjwa wake ni huo mzigo."

Walicheka wote. Mihambo naye alicheka, kajikunja, mkono ubavuni. Angefanyaje? Neno la mtani halikanushwi. Mzee akatikisa kichwa kuridhika, akaamuru mizigo iinuliwe.

Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki. Methali zote mbili Mikidadi alikuwa nazo, na hazikumsaidia kitu. Alipoona sanduku limekaa juu ya kichwa cha Mihambo alimkimbilia mzee, akamwambia alikuwa akitania, yule mtu ni mgonjwa hasa. Mzee alimjibu kwa upole kwamba mtu anayesema mawili kwa saa moja, yeye huamini la kwanza.

Walitembea mchangani. Kabla ya adhuhuri Mikidadi alilichukua sanduku la mwenzake akaliweka juu ya lake, na hakuna aliyemzuia. Karibu na Mkwaja Mihambo alikaa chini, akasema anapumzika kidogo. Alasiri haikumkuta. Mzee alivua kofia, akatoa shuka yake nyeupe mpya iwe sanda, akauliza kwa uchungu wa kweli kwa nini hakuambiwa.

Kaburi walilichimba kwa taabu, maana mchanga ulikuwa ukirudi ndani. Mikidadi aliingia, akampokea, akamlaza. Wenzake wakasimama wakingoja. Lukasi, mpishi, aliyekuwa mtu wa misheni lakini mila anazijua, alimnong'oneza kwamba watu wanamsubiri yeye. Mikidadi alitafuta neno. Lililokuja mdomoni lilikuwa lilelile la asubuhi, la uvivu na mzigo. Akalimeza, akatoka kaburini kimya, akaanza kusukuma mchanga kwa mikono.

Alirudi Kinole, na mdomo wake haukurudi naye. Mosi, mkewe, alidhani karogwa huko pwani. Mikidadi akiteremka Morogoro kuuza ndizi, Mnyamwezi akamnyakulia moja kwa utani, yeye alimpa mkungu mzima na kuondoka. Watani wakachoka kumchokoza. Mtu gani unamtukana, anakuitikia "marahaba"?

Ikapita miaka minne. Reli ilipofika Tabora, alikuja kijana wa Kinyamwezi akiulizia nyumba ya Mikidadi. Alikuwa mdogo wake Mihambo. Mikidadi alimkalisha, akamsimulia kila kitu bila kujiokoa, hata neno lile alilitamka kama lilivyokuwa. Kisha akamwekea mbele kuku jike aliyefungwa miguu, ndiyo faini ya mtani, akainamisha kichwa. Miaka minne alikuwa akimngoja mtu wa kumpiga.

Kijana alimtazama yule kuku pale chini. Halafu alicheka, machozi yakimshuka, akajifuta kwa kiganja.

"Kaka aliyataka mwenyewe," alisema. "Hayo ni maneno ya mtani, hayana kesi. Ningekuwa mimi ningecheka vilevile."

Mikidadi alilia mbele ya mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alihisi kifua kinafunguka. Kijana alikuwa ameshamshika kuku, anainuka, alipouliza kwa furaha, kama mtu anayetaka zawadi ya kumpelekea mama yake:

"Na kaburini ulimwambiaje? Nyumbani wataniuliza hilo kwanza."

Mikidadi alisema hakumwambia kitu.

"Kitu gani hukumwambia?"

"Sikusema neno. Nilinyamaza."

Kicheko kilimfutika kijana usoni. Alichuchumaa, akamfungua kuku kamba taratibu, fundo moja baada ya jingine, akamwachia.

"Basi hukumzika," alisema. "Ulimfukia, kama mtu asiyekuwa na watu."

Mosi alikuwa ameshapakua chakula, akamwomba akae ale. Kijana alimshukuru shemeji kwa adabu zote, akashika njia ya kuteremka. Kuku alibaki uani akidonoa. Mikidadi hakumchinja, wala hakuruhusu achinjwe, mpaka akafa mwenyewe kwa uzee.